Mahojiano ya Uraia wa Marekani kwa Njia ya Ndoa: Niliyoyapitia Kabla na Baada ya Kiapo

Ndugu na marafiki wanaosubiri kuitwa kwenye mahojiano ya uraia wa Marekani hunipigia simu wakitaka kujua habari za maswali ya historia na serikali: ni mangapi, yanafananaje, na afisa huzungumza haraka kiasi gani. Huwajibu, kisha huwaambia kwamba kwangu sehemu hiyo ilichukua dakika chache na haikuninyima usingizi hata usiku mmoja. Yaliyoninyima usingizi yalikuwa mawili: rekodi ya kodi ya mwaka 2021, na kiwanja cha marehemu baba kilichoko Mwanza. La kwanza lilichelewesha uraia wangu, na la pili halijaisha hadi ninapoandika haya. Nitayaeleza kwa mfuatano yalivyotokea, pamoja na gharama zake, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitafuta maelezo ya namna hii kwa Kiswahili na nikapata vipande vipande tu.

Nilifunga ndoa Mwanza mwezi Juni 2020 na mwanamume mzaliwa wa Kenya ambaye tayari alikuwa raia wa Marekani tangu 2016. Niliingia Marekani Novemba 2021 kwa viza ya mke wa raia, na kwa kuwa siku hiyo ndoa yetu ilikuwa haijatimiza miaka miwili, grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) niliyopewa ilikuwa ya masharti, yaani ya miaka miwili tu. Mwenye kadi ya namna hiyo hutakiwa kuomba kuondolewa masharti kwa fomu I-751 ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha muda wake. Tuliiwasilisha 2023, wakati ada ilipokuwa dola 680 pamoja na ya alama za vidole. Tangu Aprili 2024 ada hiyo ni dola 750. Tulichopokea baada ya hapo ni barua inayoongeza uhalali wa kadi kwa miezi 48. Barua hiyo itunzeni kama mnavyoitunza kadi yenyewe, kwa sababu bila hiyo kadi yenu husomeka kuwa imekwisha. Nilipokwenda kuhuisha leseni ya udereva, karani aliyenihudumia alikuwa hajawahi kuona barua ya namna hiyo, ikabidi amwite msimamizi wake nami nikiwa nimesimama pale kama mtuhumiwa.

Mkaazi wa kawaida husubiri miaka mitano ya ukaazi wa kudumu kabla ya kuomba uraia. Aliyeolewa au kuoa raia anaweza kuomba baada ya miaka mitatu, mradi mwenzi wake awe raia kwa miaka yote hiyo mitatu, wawe wameishi pamoja kama mume na mke kwa muda wote huo, na mwombaji awe amekuwapo Marekani kimwili kwa angalau miezi 18 ndani ya miaka hiyo. Safari moja ya nje inayozidi miezi sita huzua maswali juu ya ukaazi wako, na inayofika mwaka huukatiza. Fomu, ambayo ni N-400, inaruhusiwa kuwasilishwa siku 90 kabla ya miaka mitatu kutimia, na ndivyo tulivyofanya Agosti 2024. Kwa mtandao ada ilikuwa dola 710, na kwa karatasi dola 760. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba kulipa dola 380. Fomu ya I-751 ilikuwa bado haijaamuliwa. Hilo halizuii kuomba uraia, lakini uraia hautolewi mpaka ile ya masharti ipate uamuzi, na kwa sababu hiyo wengi wetu huitwa kwenye mahojiano yanayounganisha yote mawili. Mahojiano ya uraia peke yake ni ya mwombaji. Haya ya kuunganisha humhusu pia mume au mke, na barua ya mwito yenu isomeni vizuri mjue kama naye anatakiwa kufika.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anaweza kukaa barabarani wiki mbili, akarudi nyumbani siku tatu, akaondoka tena. Sisi tulishazoea, na watu wetu walishazoea. Wake za mabaharia na wafanyabiashara kwetu wameishi hivyo tangu zamani na hakuna aliyewahi kuuliza kama ni ndoa. Lakini maneno ya sheria ni kuishi pamoja, na wakili tuliyemwajiri alituambia mapema kwamba kutokuwapo nyumbani kwa sababu ya kazi hakuhesabiwi kuwa kutengana, isipokuwa mzigo wa kuonyesha hivyo ni wetu. Kuna mtu huko ofisini asiyewajua, ambaye ndoa yenu ataisoma kwenye makaratasi.

Kwa hiyo tulianza kuyapitia makaratasi yetu kama anavyoyapitia mtu mgeni, na kazi hii ndiyo ninayomsihi kila mtu aifanye miezi kadhaa kabla ya kuwasilisha fomu, badala ya wiki ya mwisho. Mkataba wa pango ulikuwa na majina yetu sote wawili; hapo tulikuwa salama. Akaunti ya benki ya pamoja tulikuwa nayo, na mshahara wake uliingia humo, kodi ya nyumba ikitoka humo, na manunuzi ya chakula yakionekana kila wiki. Wakili aliipenda zaidi hiyo kuliko albamu ya harusi. Nimeona wanandoa wanaofungua akaunti ya pamoja, wakaweka dola mia moja, kisha hawaigusi tena. Taarifa ya benki ya namna hiyo heri usiipeleke. Bima ya gari ilikuwa na majina yote, bima ya afya ya kazini kwake ilinitaja kuwa tegemezi, na bima yake ya maisha ilinitaja mimi kuwa mrithi wa malipo.

Leseni yake ya udereva ilikuwa na anwani ya binamu yake, kwa sababu kabla sijafika ndiko alikopokelea barua, na dereva wa lori hana muda wa kwenda kupanga foleni kwa ajili ya anwani. Ilibadilishwa. Kwa upande wangu, sheria humtaka karibu kila mgeni kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kila anapohama nyumba, na hilo hufanyika mtandaoni bila malipo. Tulipohama kutoka chumba kimoja kwenda viwili niliarifu siku ya pili yake, na risiti nikaihifadhi. Nalitaja kwa sababu kati ya ninaozungumza nao, wachache mno walikuwa wanajua kuwa ni lazima.

Kisha ikaja habari ya kodi. Wakili alitutaka tuagize rekodi za kodi za miaka mitatu moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi, ambazo hutolewa bure, badala ya kutegemea nakala zetu. Rekodi ya 2021 ilionyesha kwamba mume wangu aliwasilisha kodi kama mseja. Niliingia Novemba mwaka huo, na kwa sheria ya kodi ya Marekani hali ya ndoa hutazamwa kwa siku ya mwisho ya mwaka. Siku hiyo tulikuwa mume na mke tena chini ya paa moja. Aliyemtayarishia kodi, katika ofisi ndogo ambayo madereva wengi huitumia, alimwambia kwamba kwa kuwa mke hana kipato basi haina tofauti. Ina tofauti kubwa. Mbele ya afisa wa uhamiaji, raia anayedai ana mke huku akiiambia serikali hiyohiyo kwamba ni mseja amejipinga mwenyewe kwa maandishi.

Tuliwasilisha marekebisho kwa fomu 1040-X. Gharama yake kwa fedha haikuwa kubwa, ila gharama ya nyumbani ilikuwepo. Nilimlaumu mume wangu kwa maneno ambayo hayakustahili, naye akanijibu kwamba mimi ndiye ninayeutaka uraia, si yeye, na kwa siku kadhaa tuliongea kwa simu mambo ya mzigo na hali ya hewa tu. Marekebisho ya kodi huchukua miezi kushughulikiwa. Tarehe ya mahojiano ilipofika, yetu yalikuwa bado hayajaingia kwenye rekodi, hivyo tulibeba nakala yake na risiti ya posta inayoonyesha yalitumwa lini. Risiti hiyo ya posta ilikuja kuwa na thamani kuliko nilivyofikiri, kwa sababu ilionyesha kwamba tulirekebisha kabla ya kuulizwa.

Maandalizi ya maswali ya uraia nayapitia haraka. Mimi niliomba wakati ambapo orodha ilikuwa ya maswali 100. Afisa huuliza hadi 10, na ukipata sita umefaulu na anaacha kuuliza. Walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya: orodha ya maswali 128, wanaulizwa hadi 20, na wanatakiwa kupata 12. Majibu ya orodha yote hutolewa rasmi na bure, hivyo hakuna haja ya kumlipa mtu akuuzie kijitabu. Jihadharini na majibu yanayobadilika, kama vile jina la Spika wa Baraza la Wawakilishi, gavana wa jimbo lenu na maseneta wenu wawili. Nilisikiliza maswali kwenye simu nikipika, na wiki ya mwisho mume wangu aliniuliza akiwa barabarani, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, nami nikamjibu idadi ya majaji wa Mahakama ya Juu huku nikikuna nazi.

Wazee wetu wanaohofia Kiingereza wajue kwamba aliyefikisha umri wa miaka 50 na kuwa na ukaazi wa kudumu kwa miaka 20, au miaka 55 na ukaazi wa miaka 15, husamehewa mtihani wa Kiingereza na huruhusiwa kujibu maswali ya uraia kwa lugha yake kupitia mkalimani. Wengine, isipokuwa wenye msamaha kwa sababu ya ulemavu au maradhi, huhojiwa kwa Kiingereza.

Mahojiano yalipangwa asubuhi moja ya Februari 2025. Mume wangu alikuwa anatoka Nebraska na mzigo, dhoruba ya theluji ikamchelewesha, akafika mjini alfajiri akalala saa mbili ndani ya lori kwenye maegesho, kisha akaja moja kwa moja ofisini na buti zake za kazi. Mimi nilikuwa nimevaa gauni nililolipiga pasi mara mbili. Tulikutana kwenye foleni ya ukaguzi, na jambo la kwanza nililoliona ni matope kwenye buti hizo. Nikawaza kwamba afisa ataona tumeletwa na magari mawili tofauti kutoka pande mbili tofauti, na atahesabu.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole lakini asiyepoteza maneno. Tulisimama, tukainua mkono wa kulia, tukaapa kusema kweli. Mtihani ulitangulia. Kwenye kompyuta bapa ilitokea sentensi moja nikaisoma kwa sauti, kisha akanisomea nyingine niiandike kwa kalamu maalumu juu ya kioo hichohicho, kwamba Rais anaishi Ikulu. Kalamu ile huteleza, na herufi zangu zilitoka kubwa na zenye mikia kama za mtoto wa darasa la pili. Hakujali, maana kinachotazamwa ni kama sentensi inaeleweka. Maswali sita niliyajibu mfululizo, akaacha.

Kisha akaanza kupitia fomu yenyewe, swali kwa swali. Watu wengi hulidharau eneo hili wakidhani kazi imekwisha, na hapa pia Kiingereza chako kinapimwa. Kuna mlolongo mrefu wa maswali yanayoanza na kama umewahi: umewahi kudai kuwa raia wa Marekani, umewahi kujiandikisha au kupiga kura, umewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, umewahi kukamatwa, umewahi kutolipa kodi unayodaiwa. Anaweza kukukatiza akuulize maana ya neno ulilokwisha kulijibu. Mimi aliniuliza kiapo ni nini. Jirani yetu mmoja, mama wa Kikongo, aliyajua majibu yote ya historia kwa moyo, lakini alipofika kwenye mlolongo huu alijibu ndiyo kwa kila swali, kwa adabu tu, kama mtu anayemwitikia mkubwa wake. Alirudishwa. Bahati nzuri anayeshindwa sehemu fulani hupewa nafasi nyingine ya sehemu hiyo kati ya siku 60 na 90, bila kulipa ada upya, na mara ya pili alifaulu.

Tulipomaliza fomu, afisa alimwomba mume wangu akasubiri nje, akaniuliza maswali ya nyumbani. Hakuniuliza rangi ya mswaki kama watu wanavyotishana. Aliuliza nani hulipa umeme, mara ya mwisho kula chakula pamoja ilikuwa lini, mume wangu akirudi safari hufanya nini kwanza. Nikasema hufua nguo zake mwenyewe kwa sababu hapendi zichanganywe na zangu zikiwa na harufu ya dizeli. Akaandika. Kisha akaniuliza usiku wa kuamkia leo mume wangu alilala wapi.

Ningeweza kusema nyumbani. Neno hilo lilinijia mdomoni lenyewe, kwa kuwa ndilo lililoonekana kuwa jibu la mke. Nikasema alilala ndani ya lori, hakufika nyumbani, na kwamba alikuwa hajafika kwa siku tisa. Afisa hakuinua macho. Aliniruhusu kutoka, akamwita yeye, na baadaye mume wangu aliniambia swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo, naye alitoa kwenye mkoba kumbukumbu za safari zilizochapishwa, zikionyesha saa na mahali gari liliposimama. Wanandoa mnaoishi kwa zamu, kwa safari au kwa kazi ya majimbo mawili, bebeni ushahidi wa kazi inayowatenganisha pamoja na ule wa nyumba inayowaunganisha. Na msipangiane majibu. Majibu yaliyopangwa hufanana kupita kiasi, na palipo na tofauti ndogo ya kweli huonekana kuwa uongo.

Picha alizitazama nne au tano. Rekodi za kodi alizisoma zote, na alipofika 2021 alisimama. Tukampa nakala ya marekebisho na risiti ya posta. Alishukuru, akasema hawezi kuamua siku hiyo. Karatasi ninayoondoka nayo, ambayo ni N-652, ilikuwa na alama ya vema kwenye kisanduku kinachosema uamuzi hauwezi kutolewa bado, hata kama mtihani wa Kiingereza na uraia nimefaulu. Tulikaa garini bila kuwasha injini. Baada ya hapo ikaja barua ya kutaka rekodi mpya ya kodi ndani ya siku 30. Ilipotoka tukaituma siku hiyohiyo, tukabaki na nakala ya kila ukurasa.

Kusubiri baada ya kufaulu mtihani ni kugumu kuliko kusubiri mtihani. Kila asubuhi nilifungua akaunti ya mtandaoni kuangalia hali ya maombi, na watu walionipongeza siku ya mahojiano walianza kuuliza kulikoni. Jambo lililonituliza ni maelezo ya wakili kuhusu siku 120. Tangu siku ya mahojiano, idara ikipitisha siku hizo bila uamuzi, sheria inamruhusu mwombaji kuipeleka kesi yake mahakama ya shirikisho ya wilaya ili iamue au iamuru iamuliwe. Na ikiwa maombi yatakataliwa, mwombaji ana siku 30 za kuomba asikilizwe upya na afisa mwingine, kwa fomu N-336. Sikuhitaji lolote kati ya hayo. Lakini kujua kwamba mlango haujafungwa kuliniwezesha kufanya kazi zangu. Siku hizo zilikuwa zinakaribia kutimia ilipokuja taarifa kwamba masharti ya grini kadi yameondolewa, na muda si mrefu ikafuata barua ya kuitwa kwenye kiapo.

Barua hiyo, N-445, ina maswali nyuma yake ambayo huulizwa tena siku ya kiapo: tangu mahojiano umesafiri nje, umekamatwa, umeoa au kuolewa, umeachika, umetengana, umefiwa na mwenzi? Anayeomba kwa njia ya ndoa asidhani mahojiano yakipita ndoa haitazamwi tena. Ndoa ikivunjika kabla ya kiapo, hata siku moja, njia ya miaka mitatu inafungika, na itabidi asubiri itimie mitano.

Niliapa Julai 2025. Kwenye meza ya kuingilia walichukua grini kadi yangu, na sikuwa nimejiandaa kwa jinsi ambavyo ningehisi kuitoa mkononi. Kabla ya kutia saini cheti cha uraia kagueni kila herufi, maana kikishatoka mlangoni marekebisho yake yana fomu yake, na kukibadilisha kwa sababu kimepotea hugharimu zaidi ya dola 500. Mimi nilikagua jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu, hali ya ndoa. Halafu nikafika mahali palipoandikwa nchi ya uraia wa awali, na mbele yake: Tanzania. Nilisaini. Ukumbini watu walikuwa wanapunga vibendera, na mume wangu alinipiga picha ambayo sijaituma kwa mama.

Hatua zilizofuata ni za haraka kuzisimulia. Niliomba pasipoti katika ofisi ya posta: dola 130 za pasipoti na dola 35 za huduma, na cheti halisi cha uraia kinatumwa pamoja na maombi. Kwa wiki kadhaa huna grini kadi, huna cheti, huna pasipoti. Hicho kipindi msinunue tiketi ya ndege kwa hali yoyote, na kabla ya kutuma piga picha safi ya cheti. Cheti hurudi kwa bahasha tofauti na ya pasipoti, msiogope kikikawia. Nilikwenda pia ofisi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) kubadilisha rekodi yangu isomeke raia, kwa sababu haibadiliki yenyewe kila mara, na mwajiri anaweza kuiona ile ya zamani.

Hayo ya Marekani. Ya kwetu ndiyo yaliyokuwa mazito. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua mwingine kwa hiari yako, wa Tanzania unakoma. Hakuna anayekupigia simu kukuarifu, na kwa sababu hiyo wapo wanaoendelea kutumia pasipoti ya zamani kwa siri. Sikutaka kuishi hivyo, nikairudisha ubalozini. Katika nyumba yetu jambo hili lina uchungu wa peke yake, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 haimnyang'anyi mzaliwa uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, ila sheria ya uraia ya huko ya 2011 humtaka aiarifu serikali ndani ya miezi mitatu. Mume wangu ana pasipoti mbili kwenye droo moja. Hunitania kwamba Katiba hiyohiyo humpa aliyeolewa na Mkenya kwa miaka saba haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, na kwamba huenda nikarudi Afrika Mashariki kwa mlango wa Kenya. Siku nyingine nacheka.

Septemba 2025 nilikwenda nyumbani kwa pasipoti ya Marekani. Viza kwa Mmarekani ni dola 100, kwa kuingia mara nyingi. Pale uwanja wa Julius Nyerere nilisimama kwenye foleni ya wageni, na kijana wa uhamiaji aliponisikia Kiswahili aliniambia, "Dada, foleni ya Watanzania ni ile pale." Nikamwonyesha pasipoti. Akasema, "Haya, karibu Tanzania, dada," akagonga mhuri.

Safari ile ilikuwa ya kikao cha familia. Baba alifariki 2019 akaacha kiwanja, na kaka yangu mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nililijua hilo kabla ya kuapa, na niliwaeleza ndugu zangu kwa simu mapema, kabla hata ya kuwasilisha fomu. Nawasihi Watanzania wenzangu wafanye hivyohivyo: kaeni na familia, pelekeni hati kwa wakili wa nyumbani, jueni mali gani iko kwa jina lenu na itakuwaje, kwa sababu mambo haya ukiyafungua wewe ukiwa bado raia unazungumza kama mrithi, na ukiyafungua baadaye unazungumza kama mtu anayeomba. Baba mdogo alisema kwenye kikao, mbele ya wote, "Mwanangu, umekwenda kuapa huko, sasa huku unataka nini?" Mama alimjibu kabla yangu, na sitayaandika aliyosema.

Tulikubaliana kwamba nifidiwe sehemu yangu kwa fedha. Lakini kaka hana fedha hizo kwa mkupuo mmoja, na kuna jambo jipya: marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi yameleta hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo si uraia na haikupi haki ya kupiga kura, ila inagusa mambo ya kuingia nchini na ya ardhi. Wakili wa Mwanza amenishauri nisitie saini ya kuachia sehemu yangu mpaka tujue hadhi hiyo itaniwezesha nini kwenye kiwanja kile hasa, na kaka amekubali kusubiri hadi katikati ya mwaka ujao.